Kadi Zilizokunjwa Kona

Siku ya kwanza

Tumeondoka kabla ya jua kuchomoza, watu watatu kwenye gari moja. Nyuma kuna mashuka mawili meupe, taa, betri, jenereta ndogo, nyavu, boksi la vichupa, na kasha la bati lenye kadi 17. Kila kadi ina jina la nondo mmoja, na kila moja imekunjwa kona ya juu. Tumesafiri kwa ajili ya kona hizo.

Orodha ya nondo wa mkoa wetu niliirithi. Aliyeianzisha tunamwita Mwalimu, ingawa wengi wetu hakutufundisha darasani. Alitufundisha usiku, mbele ya shuka lenye taa ya kuvuta wadudu hao. Orodha aliiweka kwenye kadi, kwa mkono: jina, mahali, tarehe, aliyemwona nondo, na mstari mmoja wa maelezo. Macho yake yalipoanza kushindwa na maandishi madogo, akanikabidhi maboksi yote. Nilikaa miezi nikiingiza kadi kwenye kompyuta, na nilipomaliza niliona nimefanya kazi ya maana. Miaka miwili baadaye, tukiwa tunaongea mambo mengine kabisa, Mwalimu akaniuliza, "Na zile zilizokunjwa kona, mwanangu, uliziweka wapi?"

Sikuwa nimeziweka popote. Kukunja kona ilikuwa njia yake ya kusema: huyu bado sijamkubali. Jedwali la kompyuta halina kona. Majina 17 ya mashaka yalikuwa yameingia yakiwa na hadhi ileile ya majina yaliyohakikiwa mara kumi, na kwa miaka miwili watu walikuwa wakiyachukua kwangu na kuyapeleka kwenye ripoti zao.

Nimewaza sana juu ya jambo hilo njiani. Tuseme mtafiti anakuja miaka 20 kutoka sasa, anatega taa zake, anakosa spishi 17 zilizoandikwa. Ataandika kwamba zimetoweka. Atatafuta sababu, atalaumu dawa za mashambani au ukataji wa miti, na atalilia viumbe ambao hawakuwahi kuishi hapa. Wakati huohuo, nondo anayepungua kweli atakuwa amefichwa na kelele za wale wa uongo. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jina moja lililokosewa kuwa kosa dogo la uandishi.

Usiku tumelala mjini, karibu na makumbusho. Hatukuwasha taa yoyote.

Siku ya pili

Harufu ya nafthalini ilitupokea kabla ya mtu. Mtunza vielelezo ni mama mtu mzima, mpole, mwenye funguo nyingi kiunoni. Tulimwamkia, akatutazama sote watatu na kasha letu la bati, akauliza tu, "Mnaanza na familia gani, wanangu?" Tukaanza na Noctuidae, familia kubwa ya nondo, kwa sababu huko ndiko kona nyingi zilikokunjwa.

Anayefikiri makumbusho ni mahali pa kutazama mabawa mazuri hajafungua droo akitafuta lebo. Nondo aliyechomwa pini bila lebo ni pambo. Nondo aliyepoteza bawa zima, lakini chini yake kuna kikaratasi kinachosema alikamatwa wapi, lini na na nani, huyo ni ushahidi. Kwenye lebo nzuri mwezi umeandikwa kwa namba za Kirumi, kwa mfano 8.iii, na wengine hudhani ni mbwembwe za wasomi. Andika 8/3 na mtu mmoja atasoma tarehe 8 Machi, mwingine tarehe 3 Agosti. Kadi yetu moja ilikunjwa kona kwa sababu hiyohiyo: nondo alionekana kuruka miezi mitano nje ya msimu wake. Lebo ya asili ilipofunguliwa tukakuta namba ya Kirumi, na aliyenakili kwenye kadi alikuwa amegeuza siku na mwezi. Jina likabaki, tarehe ikasahihishwa. Kona ya kwanza nimeinyoosha kwa kidole nikiwa nimesimama palepale kwenye droo.

Ya pili ilikuwa ya aina nyingine. Orodha yetu ilikuwa na Heliothis armigera na pia Helicoverpa armigera, kama spishi mbili zinazoishi mkoa mmoja. Ni nondo mmoja. Hübner, mtaalamu wa wadudu, alimpa jina la armigera mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda mrefu aliwekwa katika jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya Heliothis. Mwaka 1965 David Hardwick alitenga jenasi mpya ya Helicoverpa, akamhamishia huko, na akaweka wazi kwamba nondo wa mahindi wa Amerika, zea, ni spishi nyingine. Kabla ya hapo maandiko mengi ya Marekani yalikuwa yakimwita hata yule wa kwao armigera. Kwa hiyo mtu anayesoma taarifa za kabla ya 1965 hana budi kuuliza kwanza: armigera yupi? Mwalimu alikuwa na kadi ya zamani na kadi mpya, akakunja kona ya ile ya zamani. Mimi nikaingiza zote mbili.

Bombyx mori naye alikuwamo, nondo wa hariri. Mtu alimwona kwenye dirisha la nyumba, akamleta, akaandikwa. Huyu amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka mpaka hawezi kuruka wala kuishi porini peke yake. Ndugu yake wa mwituni ni Bombyx mandarina wa Asia ya Mashariki. Aliyeonekana dirishani alitoka kwenye boksi la mfugaji. Alionekana kweli, tarehe ni sahihi, aliyemtambua hakukosea hata kidogo, na bado si nondo wa mkoa huu. Hapo ndipo nilipoamua kwamba orodha lazima iwe na safu ya hadhi: mkazi, mhamaji, aliyeletwa, wa mashaka. Jina peke yake halitoshi.

Kadi nyingine mbili zilibeba majina ya Francis Walker. Huyu aliorodhesha wadudu wa British Museum katikati ya karne ya 19 na kutoa majina kwa maelfu, mara nyingi akimpa jina jipya nondo ambaye tayari alikuwa na jina, wakati mwingine alilompa yeye mwenyewe. Kanuni ya majina ya wanyama inaanza na toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, aliyeasisi mpango wa majina ya viumbe, la 1758, na kwa kawaida jina la kwanza lililotolewa ipasavyo ndilo linaloshinda; yanayofuata huwa visawe tu. Majina yetu mawili yalikuwa visawe vya nondo waliokwisha kuwamo kwenye orodha. Nimeyatoa. Mwenzangu mmoja aliuliza kama hatusikitiki kuona orodha inapungua. Nilimjibu kwamba hajapungua nondo hata mmoja.

Siku ya tatu

Leo ni siku ya hadubini, na ni siku ninayoiandika kwa taabu.

Nondo wengi hufanana kwa bawa na hutofautiana ndani. Mara nyingi kinachokata shauri ni viungo vya uzazi, kwa sababu vina sehemu ngumu zenye umbo lake kwa kila spishi. Unatenga tumbo, unalipasha moto taratibu ndani ya hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 mpaka nyama ilainike na kutoka, unasafisha kwa brashi ya nywele chache, unaweka kwenye gliserini, halafu unalinganisha na michoro inayoaminika. Ni kazi ya subira na ya kuvaa miwani, maana dawa ile inaunguza. Asubuhi ilikwenda vizuri. Utetheisa lotrix, mweupe mwenye vidoti vyekundu na vyeusi, ambaye kila mtu humchanganya na ndugu yake pulchella, alisimama: dume mmoja aliyekuwa kwenye droo ya pulchella alikuwa lotrix halisi, mwenye lebo kamili ya mkoa wetu. Mwalimu alikuwa na haki ya kumwandika na pia haki ya kumtilia shaka.

Mchana nikamwomba mama atufungulie tena droo ya Helicoverpa, kwa kuwa nilitaka picha ya mpangilio wa vielelezo. Mwisho wa safu ya tatu nikaona mwandiko wangu.

Nilikuwa na umri wa miaka 19. Nilimkamata kwa taa usiku wangu wa kwanza kutega peke yangu, nikampiga pini, nikamwandika Helicoverpa assulta, ndugu wa armigera. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa spishi hiyo kuandikwa katika mkoa. Mwalimu aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, akaandika kadi. Kona hakuikunja. Jina lile ndilo lililonifanya niendelee na kazi hii. Nimelitaja mara nyingi mbele ya vijana.

Mabawa yake, nilipoyatazama leo, yalikuwa yamechakaa, magamba mengi yamepukutika, na rangi ya njano niliyoisifia ilikuwa imebaki ya kahawia tu. Armigera ni nondo mwenye rangi nyingi: madume mara nyingi hukaribia kijani cha majivu, majike hukaribia kahawia au rangi ya chungwa. Assulta kwa kawaida ni mdogo zaidi na wa njano zaidi. "Zaidi" ni neno la hatari unapokuwa na nondo mmoja tu mkononi. Mama alinitazama bila kusema, kisha akanisogezea kibano.

Alikuwa jike. Nilipomaliza kumsafisha nilirudia kulinganisha mara tatu, nikamwomba mwenzangu afanye mwenyewe bila kumwambia mimi nimeona nini. Sote tulifika mahali pamoja. Ni armigera.

Basi kadi si 17. Ni 18, na ile ya kumi na nane haikuwa na kona iliyokunjwa kwa sababu mtu mzima aliniamini.

Siku ya nne

Safari ndefu hadi bondeni, kando ya mto. Tulitandika shuka la kwanza jioni, na saa mbili usiku mvua ikaanza, ikanyesha mpaka alfajiri. Taa tulizima. Waliokuja kabla ya mvua walikuwa wachache, na wote wa kawaida.

Tumeandika vilevile: mahali, viwianishi (namba za mahali kwenye ramani), saa ya kuwasha na ya kuzima, aina ya taa, mvua, nondo wangapi. Usiku usio na kitu huandikwa. Orodha nyingi hukosa usiku kama huu, na msomaji wake hawezi kujua kama nondo fulani hakuwapo au hakutafutwa.

Siku ya tano

Mvua bado. Tumekaa ndani tukisahihisha majina ambayo wataalamu wameyahamisha. Nondo wa nyanya tuliyemzoea kama Tuta absoluta sasa yuko katika jenasi ya Phthorimaea tangu 2021. Mwaka huohuo nondo wa Madagaska mwenye mrija wa kunyonyea mrefu ajabu, ambaye Darwin alibashiri mwaka 1862, baada ya kuona okidi yenye mfereji mrefu wa asali, kwamba lazima awepo, na ambaye Rothschild na Jordan walimpa jina mwaka 1903 kama namna tu ya Xanthopan morganii, alitambuliwa kuwa spishi kamili: Xanthopan praedicta. Huyo hayumo kwetu, lakini nimemtaja kwa vijana hawa ili waone kwamba jina linaweza kubadilika bila mtu yeyote kukosea. Orodha yenye tarehe ya kuhakikiwa mbele ya kila jina huvumilia mabadiliko hayo. Isiyo na tarehe huchakaa kimyakimya.

Siku ya sita

Kilimani. Hewa imetulia, mawingu mazito, na mwezi ni mwembamba kama ukucha, umezama mapema. Tulipanga safari yote kwa ajili ya usiku huu, kwa maana mwezi mpevu hupunguza mno wanaokuja kwenye taa.

Saa moja na nusu jioni walianza wadogo, wale ambao watu wengi hawawaiti hata nondo. Nomophila noctuella alitua na kujikunja kama kijiti. Saa tatu shuka lilikuwa hai. Hippotion celerio alikuja akizunguka chini chini, akapiga shuka, akaanguka kwenye nyasi, akarudi. Baada yake Agrius convolvuli, mzito, mwenye mistari ya waridi ubavuni, na mrija mrefu kuliko mwili wake ukiwa umekunjwa chini ya kichwa kama kamba ya saa. Mwenzangu mdogo, ambaye hii ndiyo safari yake ya kwanza, aliacha kuandika akabaki ametazama. Nilimwacha. Kuna dakika kumi ambazo mtu anapaswa kupewa.

Kisha tukarudi kazini. Wale wawili wakubwa ni wasafiri. Huvuka nchi na bahari. Kumwona mmoja kwenye shuka hakumfanyi kuwa mkazi. Kwa mkazi tunataka kiwavi, au majike yanayotaga, au kuonekana mwaka hadi mwaka katika msimu ule ule. Kadi yetu ya Daphnis nerii ina nondo mmoja wa usiku mmoja. Atabaki kwenye orodha, lakini kama mhamaji, na kona yake nimeinyoosha kwa masharti hayo.

Katika majina tuliyokuja kuyatafuta hapa, matatu yalikuja yenyewe kati ya saa nne na saa nane usiku. Kila mmoja tulimpiga picha juu, ubavuni na chini ya mabawa, tukabakiza wachache tu kama vielelezo, na kwa kila kielelezo tukatoa mguu mmoja tukauweka kwenye kichupa cha ethanoli kwa ajili ya vinasaba. Tangu Paul Hebert na wenzake walipopendekeza mwaka 2003 kutumia kipande kimoja cha jeni kama alama ya spishi, kipande chenye takriban herufi 658, kazi yetu imepata msaada mkubwa. Lakini sikubali kijana aseme "vinasaba vitatuambia" kana kwamba shauri limekwisha. Vinasaba hulinganishwa na maktaba, na maktaba hiyo imejazwa na watu waliotazama nondo na kumpa jina. Wakikosea wao, mashine itarudisha kosa lao likiwa limevaa namba. Maktaba ya vinasaba nayo ni orodha inayohitaji mtu wa kuihakiki.

Jambo moja linanisumbua kuhusu taa. Kadi za zamani za Mwalimu ziliandikwa mbele ya taa ya zebaki ya wati 125, yenye mwanga mkali unaovuta kutoka mbali. Taa za zebaki zinaondolewa duniani, mkataba wa Minamata wa 2013, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ukiwa sababu mojawapo, na sisi sasa tunatumia taa ndogo za LED za miale ya urujuanimno. Hazivuti nondo walewale kwa wingi uleule. Nikiandika kwamba spishi fulani imepungua tangu enzi za Mwalimu, je, imepungua yenyewe au umepungua mwanga? Tangu leo safu ya aina ya taa haiachwi wazi.

Tumezima saa kumi alfajiri. Sikupata usingizi.

Siku ya saba

Mchana huu tumetafuta viwavi. Kuna mambo ambayo nondo mzima anayaficha na kiwavi anayasema waziwazi. Ulaya kuna Acronicta psi na Acronicta tridens: wakubwa hawatenganishwi mpaka wapasuliwe, lakini viwavi wao hata mtoto anaweza kuwatofautisha. Anayepuuza viwavi anatupa nusu ya ushahidi.

Kwenye shamba la mahindi mwenye shamba alituonyesha majani yaliyotobolewa. "Hawa ni wale wapya, mwanangu, si wale wa zamani," alisema, na alikuwa sahihi. Spodoptera frugiperda, kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, alitangazwa barani Afrika mwaka 2016, akafika India 2018 na Australia 2020. Katika orodha yetu kulikuwa na taarifa yake ya mwaka 2011. Ingekuwa kweli, historia ya uvamizi ingebidi iandikwe upya. Ushahidi ulikuwa picha moja ya kichwa cha kiwavi chenye alama ya Y iliyopinduliwa. Alama hiyo viwavi wengine wengi wa familia hii wanayo kwa namna fulani. Niliwageuza viwavi wa leo kwenye kiganja na kuwaonyesha wenzangu kinachotakiwa kuonekana pamoja nayo: vidoti vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili. Picha ya 2011 haina sehemu hiyo. Taarifa imeondolewa, spishi imebaki kwa ushahidi wa leo na wa miaka ya karibuni.

Baada ya hapo niliomba tupite pembezoni mwa mashamba, kwenye vichaka, kutafuta mmea wa jamii ya mnavu ambao tunda lake hufungwa ndani ya mfuko mwepesi kama wa karatasi. Sikuwaficha sababu. Assulta hupenda mimea ya jamii hiyo, tumbaku ikiwamo. Kama yuko mkoani, huko ndiko pa kumtafuta, na mimi ndiye ninayedaiwa kumtafuta.

Tulipekua hadi jua likazama. Tulipata viwavi watatu ndani ya mifuko ya matunda, wakila mbegu. Mwenzangu mdogo alinishika mkono kwa furaha. Nikamwambia tusubiri: armigera hula mimea mingi mno, na huu asingeukataa. Kiwavi kwenye mmea unaofaa si jina. Kila mmoja nikamweka kopo lake, kwa sababu viwavi wa Helicoverpa hulana wakikaa pamoja, na chini nikaweka udongo wa kujizikia.

Siku ya nane

Njia imekatika, tumekaa barazani na kupitia picha ambazo watu wametutumia kwa miaka mitatu. Mimi napenda sana picha hizi. Bila watu wanaoamka usiku kumpiga picha nondo ukutani tusingejua nusu ya tunayoyajua. Lakini picha hujibu maswali fulani tu, na heshima kwa aliyetuma ni kumwambia hivyo.

Kadi moja ya kona inamhusu Acherontia styx, nondo mwenye mchoro wa fuvu mgongoni. Jenasi hiyo ina spishi tatu, atropos, styx na lachesis, na tunaye atropos kwa hakika. Picha ya styx imepigwa kutoka juu, mabawa yamefungwa. Alama nzuri ya kumtenga iko chini ya bawa la mbele, ambako styx ana mistari miwili ya katikati na atropos mmoja. Hakuna pembe ya kamera itakayoirudisha alama hiyo. Nimemwandikia aliyetuma, nikamshukuru, nikamweleza ni kwa nini tunaandika Acherontia tu bila jina la pili, na nikamwomba akimpata mwingine ampige picha ya chini kabla ya kumwachia.

Kuna pia nondo wa kichakani ambao viwianishi vyao viko katikati kabisa ya mkoa, mahali palepale, nukta ileile, wengi. Hakuna aliyekamata nondo pale. Programu iliposhindwa kujua mahali iliweka katikati ya ramani. Nimezitenga taarifa hizo zote mpaka waliozituma waseme walikuwa wapi.

Siku ya tisa

Nyumbani. Kati ya zile 17: majina 6 yametoka, 7 yamesimama, 4 yanangoja usiku mwingine. Yaliyotoka sikuyafuta kabisa. Yako kwenye ukurasa wa pili wa orodha, kila moja na sababu yake na tarehe, ili mtu atakayekutana nalo kwenye ripoti ya zamani ajue tulilijadili na asilirudishe bila kujua. Na kwenye jedwali sasa kuna safu niliyoiita "kona". Haiwezi kuachwa tupu.

La kumi na nane nililiandika kwa mkono wangu, jina langu kama aliyemwona, jina langu kama aliyelitoa. Kisha nikampigia Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni kuhusu assulta yangu."

Alinyamaza kidogo. "Umempasua?"

"Nimempasua. Ni armigera."

"Niliikaribia ile kona," akasema. "Nikaona uso wako ulivyokuwa unang'aa, nikaiacha. Kosa hilo tuandike wawili."

Nimeongeza jina lake kwenye sababu, kama alivyotaka.

Siku ya ishirini na sita

Naongeza ukurasa huu kwa sababu ya yale makopo matatu. Wawili walitoka juzi usiku, wa tatu leo alfajiri. Niliwaacha mabawa yakauke vizuri kabla ya kuwagusa. Madume wawili, jike mmoja, wote wapya, magamba yote yapo, rangi haijapotea hata chembe. Nimewapasua mmoja mmoja, na mwenzangu amefanya upande wake bila kuniuliza.

Armigera, wote watatu.

Nimewapiga pini. Lebo inasema mahali, viwianishi, mwezi kwa namba za Kirumi, mmea waliokutwa ndani yake, tarehe waliyotoka kwenye udongo, na majina ya waliowatambua. Wiki ijayo nawapeleka makumbusho, wakae kwenye safu ya tatu, pembeni ya yule wangu wa miaka 19. Lebo yangu ya zamani haitoki. Chini yake itakaa mpya. Msimu wa matunda ya mifuko ukirudi, nitakwenda tena vichakani na makopo mengi zaidi.